Kabla ya kuoga: vali, bomba na presha ya hita ya gesi

Baridi ya Julai ikianza, wengi Nairobi huamua kuachana na shawa ya stima inayomeza tokeni na kununua hita ya gesi. Hita yenyewe huwa haina shida kubwa. Shida hukaa katika zile mita chache kati ya mtungi na hita, na fundi mwenye haraka hupenda kuzimaliza kwa nusu saa.

Soma kwanza kibandiko kilicho ubavuni mwa hita. Hita ya gesi ya mtungi huandikwa LPG na 2800 Pa (paskali, kipimo cha presha), au milibari 28 hadi 30. Ukiona NG na 2000 Pa, iache dukani hata kama bei ni ya kutupa. Matundu yake yametobolewa kwa ajili ya gesi asilia, ambayo haina nguvu kama ya mtungini, kwa hivyo ukiilisha gesi ya mtungi itatoa moto mrefu wa manjano na masizi. Kubadilisha regulata, kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza presha, hakutibu ugonjwa huo.

Regulata iwe ya presha ndogo, isiyorekebishwa. Ile ya kuzungusha kwa mkono, ya majiko ya chipsi, usiikaribishe kabisa. Kisha tazama uwezo uliochapishwa juu yake. Hita ya lita 10 kwa dakika ina kilowati 20 hivi, nayo ikifunguliwa yote hula karibu kilo 1.6 za gesi kwa saa. Ya lita 6 haifiki kilo 1. Ukiifunga ile kubwa kwenye regulata ya kilo 1 kwa saa, itawaka vizuri kidogo kisha ikuzimikie ukiwa na sabuni kichwani.

Mtungi wa kilo 6 nao huwachosha watu bure. Gesi iliyomo ni kimiminika, na ili igeuke mvuke inahitaji joto linalopita kwenye chuma cha mtungi. Chuma ni kidogo, asubuhi ni baridi, basi mtungi unatoa jasho, pengine barafu, na presha inashuka. Kuulaza ubavu ili “itoke yote” ni hatari: kimiminika huingia kwenye regulata na kufika kwenye moto. Tumia wa kilo 13, usimame wima, uwe nje, mbali na mifereji na mashimo ya maji taka. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kujaa penye shimo.

Bomba la shaba la milimita 15 linatosha kwa hita ya lita 10 hadi umbali wa mita 10 hivi, na kila kona uihesabu kama nusu mita. PPR ya kijani, lile bomba la plastiki, ni ya maji, na mpira mrefu uliopitishwa dirishani si bomba. Likipita ukutani, livishe bomba jingine kubwa kidogo, na usiache kiungo chochote ndani ya ukuta. Lishikilie kwa klipu kila mita 1.5, lisikaribie waya za stima.

Vali iwe yenye tufe la chuma ndani, ya robo mzunguko, iliyoandikwa kuwa ni ya gesi. Nyingi huwa na mkono wa manjano. Mkono ukilala sambamba na bomba, imefunguliwa. Ukikatiza bomba, imefungwa. Geti vali ya maji haifai. Iweke karibu na hita, mahali unapoweza kuifikia bila kupitisha mkono mbele ya moto. Ikiwa kuna kiungo cha kulehemu karibu nayo, lehemu kwanza, vali ifuate bomba likipoa, maana joto huharibu pete nyeupe za ndani. Wakati wa kukaza tumia spana mbili: moja ishike mwili wa vali, nyingine izungushe nati. Ukitumia moja, unapinda bomba na kulegeza kiungo cha upande wa pili.

Tepu ya gesi, ile nene ya manjano, ni ya thredi peke yake. Izungushe kufuata upande wa kukaza na uache thredi ya kwanza wazi, kipande kisije kikaziba tundu la hita. Panapozibwa na pete ya brasi au washa ya mpira hapawekwi tepu. Hapo ndipo tunapoiona mara nyingi, na ndipo panapovuja.

Sasa kupima. Pua si kipimo. Kabla ya vali ya hita weka tii, kiungo chenye umbo la T, yenye kizibo. Chukua mpira mwangavu wa mita 1.5, ukunje kama U kwenye ubao, utie maji yafike nusu, kisha unganisha ncha moja kwenye tii. Vali ya hita ikiwa imefungwa, fungua gesi polepole, la sivyo maji yatakurukia. Tofauti ya maji kati ya pande mbili iwe sentimita 30 hivi, au zaidi kidogo. Funga mtungi, subiri dakika 5, tia alama kwa kalamu, ungoje dakika 10 nyingine. Maji yasishuke hata kidogo. Yakishuka, paka povu la sabuni ya vyombo kwenye kila kiungo. Povu linalovimba ndilo jibu. Njiti ya kiberiti, kamwe.

Usitoe U bado. Fungua tena mtungi, kisha vali, washa hita na ufungue maji ya moto yote. Tofauti ya maji kwenye U ikianguka chini ya sentimita 25, ama regulata ni ndogo au bomba ni jembamba. Baada ya hapo funga mtungi, rudisha kizibo, fungua gesi tena, na kizibo chenyewe pamoja na kiungo cha mwisho vipakwe povu.

Kuhusu hewa hatubembelezi: hita isikae bafuni. Kuunguza kilo 1 ya gesi kunataka zaidi ya mita 12 za ujazo za hewa, na bafu la mita 1.5 kwa 1.5 halina hata 6. Isitoshe, Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Moto ukikosa hewa hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu; ile harufu ya gesi haitakuonya. Hita ifunge kwenye ukuta wa nje, na chimni yake ya chuma ipande juu kwanza kabla ya kona yoyote. Bomba la PVC la choo, hata kama linaingia vizuri, litayeyuka.

Moto uwe wa buluu. Ukiwa wa manjano, zima umwite fundi wa gesi anayetambulika. Vali iliyo ndani ya hita si ya kufunguliwa na mwenye nyumba. Lakini hita ikibofyabofya bila kuwaka, badilisha kwanza yale mawe (betri) mawili makubwa.