Nusu Saa ya Waya

Masika ya 2019 maji yalipenya chini ya kioo cha mbele yakaua kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ya Toyota aliyotuachia marehemu Baba. Nikahangaika Ngamiani, hapa Tanga, siku mbili mpaka nikapata boksi la mtumba lenye namba zilezile ubavuni. Tukalifunga. Starta ikapiga kwa nguvu, injini isiwake.

Fundi mmoja akanishauri tuiue kinga ya wizi, tusahau. Nilikataa. Baba hakulala kabla hajakiona kile kitaa chekundu cha kinga kikipepesa dirishani. Nisingeweza kukizima mimi.

Baada ya Isha akaja nyumbani Chumbageni mzee mmoja wa Makorora, fundi umeme wa magari. Alisikiliza starta mara moja tu.

"Mwanangu, gari lako ni zima. Boksi hili limetoka kwenye gari jingine, halijuani na kinga ya humu."

Akanionyesha: kichwani mwa ufunguo mna chipu, swichi imezungushiwa koili inayoisoma. Kinga ikiutambua ufunguo hupeleka neno la siri kwenye kontroli boksi, ndipo injini iruhusiwe kuwaka. Boksi letu lilikuwa bado linangoja neno la gari lake la zamani.

Chini ya usukani lipo lile tundu la kuchomekea mashine ya kupimia, lina matundu 16. Mzee alichuna waya mwembamba ncha mbili, akaunganisha la 4 juu na la 13 chini. Alihesabu mara tatu kwa tochi ya simu, kwa sababu la 16 lina moto wa betri moja kwa moja. Nikafungua swichi bila kupiga starta.

"Sasa nusu saa, boksi na kinga vijuane. Usiguse kitu."

Betri tuliisaidia kwa ya jirani isije ikashuka katikati. Mama alikuwa barazani na tasbihi yake. Kesho yake asubuhi alikuwa na kliniki hospitali ya Bombo. Sijawahi kuona dakika 30 ndefu vile. Mzee hakusema neno, mimi nilikitazama kile kitaa tu.

Muda ulipotimia nikazima swichi, akachomoa waya. Nikaingiza ufunguo upya. Kitaa kikatoweka, injini ikashika mara ya kwanza.

Mama akasimama barazani. "Saa mbili tutawahi?"

"Tutawahi, Mama."