Nyonga mpya bado inataka mazoezi
Watu wengi wanadhani ukishabadilishiwa nyonga basi, wewe ni kulala tu upone. Hapana jamani! Maumivu ya jointi iliyosagika yanaondoka kweli, lakini misuli ya matako na ya pembeni ya nyonga ilishalegea miaka yote uliyokuwa unachechemea, na nguvu yake operesheni hairudishi, inarudishwa na mazoezi. Ndo maana siku hizi wengi wanasimamishwa siku hiyohiyo au kesho yake, unashika magongo unapiga hatua chache, na ukiwa kitandani unachezesha vifundo vya miguu damu isigande. Baadaye unasimama umeshika kitu imara unapeleka mguu pembeni taratibu, zoezi hili msilidharau kabisa, linasaidia sana kuacha kuchechemea. Fimbo shika mkono wa upande mzima, yaani ule usiofanyiwa operesheni. Ngazi, kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka ule wa operesheni. Ukiambiwa usikunje nyonga kupita digrii 90, yaani ukikaa goti lisipande juu kuliko nyonga, fuata. Mimi kulala usiku mzima, kuvaa soksi mwenyewe, kuingia kwenye gari bila kushikwa, nimevipata polepole na mazoezi bado naendelea nayo.