Vizazi viwili vya msaada wa dereva kati ya Tanga na Muheza: uzoefu wangu

Kazi yangu ya kukagua hesabu za vyama vya ushirika hunitoa nyumbani Chumbageni mara tatu kwa wiki kwenda Muheza, na kwa miaka kadhaa sasa safari hizo nimezifanya kwa gari la umeme. La kwanza lilitengenezwa mwaka 2016 na la pili mwaka 2019. Yote mawili yaliingia nchini kutoka Japani yakiwa yametumika, na kwa kuwa Wajapani nao huendesha upande wa kushoto kama sisi, niliamini kwamba kila kilichomo ndani yake kingefaa hapa bila kubadilishwa. Miaka mitatu si mingi, lakini ndani yake mifumo ya kumsaidia dereva ilikuwa imehama kutoka kizazi kimoja hadi kingine, na ilinichukua miezi kujua namna ya kuishi na mabadiliko hayo.

Gari la kwanza lilikuwa na mambo mawili tu: mlio wa kunionya nikivuka mstari bila kuwasha indiketa, na breki ya dharura inayojikamata yenyewe gari lililo mbele linapokaribia mno. Watu wengi hudhani breki ya namna hiyo ndiyo mwanzo wa gari kujiendesha. Katika madaraja ya gari kujiendesha yaliyowekwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari, yanayoanzia 0 hadi 5, iko kwenye 0, kwa sababu msaada wake huja wakati wa hatari tu kisha hukoma. Gari la pili lina mfumo wa daraja la 2: huongeza na kupunguza mwendo lenyewe likifuata gari la mbele, na wakati huohuo huusaidia usukani mfululizo, huku dereva akiendelea kuwa dereva na mikono yake ikiwa palepale kwenye usukani.

Walionifundisha maana halisi ya tofauti hiyo ni waendesha baiskeli. Asubuhi, ukishapita Pongwe, utawakuta pembezoni mwa lami, na msimu wa machungwa ukifika wengine hubeba matenga yaliyotokeza pande zote mbili. Dereva yeyote wa huku husogea kulia kidogo ili amwachie mwenziwe nafasi. Katika gari la kwanza, nikiukanyaga mstari wa kati, nilisikia mlio, nikauacha upite. Katika gari la pili niliuhisi usukani ukilirudisha gari taratibu kushoto, yaani kwa yuleyule niliyekuwa ninamkwepa, kwa kuwa kazi uliyopewa ni kulikalisha gari katikati ya mistari. Nguvu yake ni ndogo na mkono huishinda bila shida, lakini siku ile ya kwanza nilisimama kando ya barabara kwa muda mrefu kabla sijaweza kuendelea na safari.

Kijitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani. Kwa jioni nne binti yangu alishika simu juu ya kurasa ili itafsiri kwa kamera yake, nami nikaandika daftarini kila kitufe na kazi yake. Hapo ndipo nilipogundua kwamba msaada wa usukani una kitufe chake peke yake, na kwamba ninaweza kuuzima huku nikibakiza ule wa kulinda umbali. Nilikwenda kuujaribu Jumapili alfajiri, barabara ikiwa tupu, na tangu siku hiyo usukani ni wangu mwenyewe kila ninapotoka mjini. Umbali ninaliachia gari, kwa sababu katika kufuata lori lililojaa mkonge kwa kilomita nyingi, lenyewe lina subira kunizidi.

Hata hivyo, umbali nao una mipaka yake. Lori likiharibika, utingo hukata matawi na kuyapanga barabarani hatua nyingi kabla ya gari lenyewe, na kila dereva wa Tanzania anaijua lugha hiyo. Kamera haiijui. Tena mifumo mingi ya kufuata gari hulitambua vyema gari linalotembea kuliko lililosimama kabisa, hasa mwendo ukiwa mkubwa. Matuta nayo haiyaoni. Kwa hiyo nikiona matawi, au kibao cha 50 cha kuingia kijijini, ninazima kila kitu kwa mguu wa breki bila kusubiri gari liamue.

Jambo lililonigharimu zaidi sikulitarajia kabisa. Jiwe lilipasua kioo cha mbele, nikabadilishiwa kioo vizuri tu, lakini hakuna aliyeniambia kwamba kamera iliyobandikwa nyuma yake lazima ielekezwe upya. Ikipotoka nyuzi 1 tu, kitu kilicho mita 50 mbele huonekana kimehama kwa karibu sentimita 87, na hiyo inatosha kumhamisha mtembea kwa miguu kutoka ukingoni hadi ndani ya njia yako. Taa ya njano ilipowaka niliacha kabisa kuitumia mifumo hiyo, hadi alipokuja fundi wa kompyuta za magari kutoka Dar es Salaam na vibao vyake vya kupimia. Katika gari la zamani kioo ni kioo, lakini katika hili jipya kioo ni sehemu ya macho yake.

Shemeji yangu anatafuta gari na anataka kizazi kipya kabisa. Nilimweleza kwamba vizazi haviongezi vitu tu: Tesla walitoka kwenye kamera moja ya mbele kwenda kamera 8 mwaka 2016, kisha mwaka 2021 wakaanza kuondoa rada katika magari yao ya Model 3 na Model Y ya Amerika Kaskazini. Nissan nao walipotoa ProPILOT 2.0, mfumo wao wa kumsaidia dereva, mwaka 2019, ruhusa ya kuachia usukani ilikuwa ya barabara kuu za Japani zenye ramani maalumu za kina, na gari likivuka bahari haliji na barabara hizo. Mimi ningelipia kwanza breki ya dharura inayowatambua watu, kisha mfumo wa umbali, halafu kitufe cha kuuzima usukani kilicho karibu na kidole.

Jumamosi iliyopita nilimpa usukani aendeshe mwenyewe hadi Muheza. Tulipolikaribia tenga la kwanza la machungwa, kidole chake kilikuwa tayari kimekifikia kitufe.