Nilivyoutafuta ukoo wa mjane wa askari hadi chini ya Mlima Brandon

Mama mkwe wangu anaitwa Nora, na binti yangu wa kwanza anaitwa Nora. Kwetu Nyeri msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, kwa hiyo nilipojifungua hapa Cork, Ayalandi, sikuwa na la kuuliza. Mama mkwe alipoambiwa jina la mtoto alilia. Miaka mitano baadaye, siku tunamenya viazi jikoni kwake, ndipo aliponieleza.

"Jina hili nililirithi kwa nyanya yangu, mzaa mama," akasema. "Mume wake aliuawa Ufaransa akamwachia watoto watatu pale Tralee. Huyo askari tunamjua. Lakini nyanya mwenyewe alitoka wapi, baba yake ni nani, alikuwa na ndugu au hakuwa nao, hakuna aliyewahi kutuambia. Na sasa mtoto wako analibeba jina lake."

Neno hilo halikunitoka. Mimi ni muuguzi, nafanya zamu za usiku, na nikirudi nyumbani asubuhi usingizi huwa haunijii upesi. Nikaanza kuutumia muda huo kumtafuta.

Kwanza ilibidi nielewe kwa nini alinyamaza. Mwaka 1914 mwanamume wa Tralee, mji wa kaunti ya Kerry, aliyevaa sare ya Royal Munster Fusiliers, kikosi cha jeshi la Uingereza, alisindikizwa kwa bendi hadi stesheni. Kufikia 1922 kikosi hicho kilikuwa kimevunjwa, nchi imepigana na Waingereza, na mjane aliyekuwa akipokea pensheni kutoka London aliona heri afunge mdomo. Mama mkwe anakumbuka jinsi nyanya yake alivyokuwa akienda posta kuchukua pesa hizo: asubuhi na mapema, shali imefunika kichwa, hasimami kuzungumza na mtu. Anakumbuka na jambo jingine ambalo wakati huo sikulitilia maanani. Akisali rozari peke yake, alisali kwa Kiayalandi.

Vitu vilivyobaki vilitosha kwenye sanduku la biskuti: medali, na lile bamba la mviringo la shaba nyeusi ambalo serikali ya Uingereza ilizipelekea familia za waliokufa. Waayalandi waliliita peni ya marehemu. Lina upana wa sentimita 12, na jina la aliyekufa limechomoza juu yake bila cheo, awe jenerali au kuruta. Cheo na namba ya askari nilivipata kwenye ukingo wa medali, maandishi madogo mno hata ikabidi niyamulike kwa tochi ya simu.

Wengi hukimbilia faili la jeshi. La kwetu halikuwepo. Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliteketeza bohari la kumbukumbu kule Arnside Street, London, na zaidi ya nusu ya mafaili ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia yakaungua. Kilichotuokoa ni kadi za pensheni za wajane, ambazo nazo zilikuwa karibu kutupwa, mpaka chama cha wapenda historia ya vita hiyo kilipoziokoa mwaka 2012. Kadi yetu ilikuwa na jina la mjane, mtaa wa Tralee, na watoto watatu pamoja na tarehe zao za kuzaliwa: Ellen wa 1910, Margaret wa 1912, na mvulana wa 1914 ambaye baba yake hakumwona akitambaa. Askari alikufa 9 Mei 1915, Rue du Bois, Ufaransa. Jioni ya kuamkia siku hiyo kikosi chake kilisimamishwa kando ya barabara, na Padri Francis Gleeson, akiwa juu ya farasi, akawapa wote ondoleo la dhambi kwa pamoja. Mwili wake haukupatikana. Jina lake limo katika ukumbusho wa Le Touret, miongoni mwa zaidi ya 13,000.

Kwa upande wa askari hayo yakanitosha, na hapo ndipo nilipokosea.

Cheti cha ndoa cha 1909 nilikisoma bure mtandaoni, kwani Ayalandi imeweka wazi picha za rejista za ndoa zilizopita miaka 75, za vizazi zilizopita miaka 100 na za vifo zilizopita miaka 50. Nilitarajia mengi, nikaambulia machache. Pa umri karani ameandika tu kwamba bibi harusi ni mtu mzima, maana yake ametimiza miaka 21. Makazi yake ni mtaa wa Tralee, yaani nyumba alikokuwa mtumishi wa ndani. Baba yake: Michael, mkulima. Jina la mama halimo, kwa sababu rejista ya ndoa ya wakati huo ilitaja baba peke yao. Jina la ukoo nalo sitaliandika hapa, ila ukiliita katika soko lolote la Kerry watageuka watu ishirini.

Nikageukia sensa. Atafutaye ukoo Ayalandi huanza na kilio, kwa sababu sensa nyingi hazipo. Za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliungua 30 Juni 1922, jengo la Four Courts la Dublin, lililohifadhi kumbukumbu hizo, lilipolipuka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Za 1861 na 1871 ziliharibiwa kwa amri ya serikali. Za 1881 na 1891 zilisagwa ziwe karatasi upya wakati wa vita hivyohivyo vilivyomuua askari wetu. Za kipindi hicho zimebaki ya 1901 na ya 1911. Katika ile ya 1911 nilimkuta Tralee: ana miaka 23, ana mume, na Ellen ni mchanga. Mahali pa kuzaliwa sensa hutaja kaunti tu, Kerry. Lakini kwenye safu ya lugha mumewe ameachwa wazi, na yeye ameandikiwa lugha mbili, Kiayalandi na Kiingereza. Nikakumbuka rozari.

Ikabaki rejista ya vizazi. Faharasa ya miaka hiyo haimwonyeshi baba, basi nilifungua picha moja moja: Honora, Hanora, Norah, Nora, maana yote ni jina moja na kila karani aliliandika alivyosikia. Asubuhi kwa asubuhi nikachuja hadi wakabaki tisa, wote wa Kerry, wote baba zao ni Michael, wote wakulima.

Nitamchaguaje mmoja? Hapo nikamkumbuka cucu wangu, yaani nyanya. Nilikuwa nimesoma kwamba Waayalandi wa zamani walizungusha majina karibu sawa na sisi: mvulana wa kwanza kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Nilifurahi kana kwamba nimekutana na mtu wa kwetu ugenini, hata sikusoma hadi mwisho. Nikahesabu kama tunavyohesabu Nyeri: Ellen, msichana wa kwanza, ni jina la mama yake askari, Margaret, wa pili, ni la mama yake mjane. Kati ya wale tisa mmoja wa upande wa Killorglin alikuwa na mama Margaret, na mwaka wake ulilingana. Nikampa mama mkwe habari. Akaanza kumwambia kila jirani kwamba watu wa nyanya yake ni wa Killorglin.

Miezi miwili baadaye niliifungua sensa ya 1911 ya nyumba ile ya Killorglin, na binti yao Honora alikuwemo. Hajaolewa, anaishi na wazazi wake, usiku uleule wa 2 Aprili ambao Nora wetu alikuwa Tralee akimnyonyesha Ellen. Mtu mmoja halali nyumba mbili usiku mmoja. Kumrudia mama mkwe na habari hiyo ilikuwa kazi nzito kuliko utafutaji wote. Alinisikiliza, akaniwekea chai, akasema, "Basi tunaanza upya, mwanangu."

Nilikwenda maktaba ya Tralee, nikamweleza mzee mmoja aliyekuwa akinisaidia na mikrofilamu. Akauliza, "Nani alikwambia msichana wa kwanza ni wa mama yake baba? Kwetu sisi wa kwanza ni wa mama yake mama." Nilinyamaza. Wavulana tunafanana nao, wasichana wanageuza. Siku hiyohiyo nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo, nikatafuta kizazi cha askari mwenyewe. Mama yake: Margaret. Kwa hiyo mama ya mjane alikuwa Ellen, na kati ya wale tisa Ellen alikuwa mmoja tu, mke wa Michael wa kitongoji kimoja magharibi ya Mlima Brandon, wilaya ya usajili ya Dingle. Huko ni eneo la Kiayalandi.

Safari hii sikumwambia mtu. Nilitaka ushahidi. Rejista za ubatizo za jimbo la Kerry zimo mtandaoni, nikaikuta ya kwake kwa Kilatini, na nikashangaa: alibatizwa siku tisa kabla ya kuzaliwa. Baadaye nikaelewa. Mzazi alitakiwa kuandikisha mtoto ndani ya siku 42, akichelewa alitozwa faini, basi aliyeshuka mlimani akiwa amechelewa aliisogeza tarehe mbele. Padri hakuwa na sababu ya kudanganya. Siku ya kuzaliwa ya Nora tunayoiadhimisha sasa ni ile ya ubatizo.

Sensa ya 1901 ilinionyesha nyumba yenyewe: paa la nyasi, madirisha mawili mbele, zizi la ng'ombe na banda la nguruwe, na Nora wa miaka 13 bado anasoma. Baba yake alikuwa na miaka 55. Kufika 1911 ana 70. Kumi imekuwa kumi na mitano, na wala si makosa ya karani, kwani Januari 1909 serikali ilianza kuwalipa wazee waliofika 70 hadi shilingi tano kwa wiki, na vijijini Ayalandi nzima watu wakazeeka ghafla. Sikumlaumu. Shilingi tano zilikuwa pesa.

Ushahidi wenyewe ulikuwa katika rejista ya vifo. Ellen, mke wa Michael, alifariki 1923 katika kitongoji kile kile. Kuna safu ya mtu aliyepeleka taarifa. Imeandikwa jina la Nora, la ndoa, lile la askari. Kisha: binti, alikuwepo wakati wa kifo, mkazi wa Tralee, pamoja na mtaa. Niliisoma saa mbili asubuhi nikiwa bado na sare ya kazi. Alikuwa amerudi. Alimuuguza mama yake hadi mwisho, akaenda mwenyewe kuandikisha.

Mpaka watu walio hai nilifikishwa na vitabu vya kodi ya ardhi vya Dublin, ambamo kila mabadiliko ya mmiliki hukatwa na kuandikwa juu yake kwa wino wa rangi nyingine. Michael amekatwa kwa wino mwekundu, akafuata mwanawe, akafuata mwana wa mwanawe. Jina hilo la mwisho lilikuwa bado kwenye ardhi ileile.

Tulikwenda Agosti, mama mkwe, mume wangu, mtoto na mimi. Nyumba ya nyasi imebaki kuta nyuma ya nyumba mpya. Mzee wa pale, mjukuu wa kaka yake Nora, alitukaribisha jikoni, akamuuliza mtoto jina. Alipojibu, mzee aliketi.

"Tulikuwa na Nora mmoja hapa," akasema. "Nóra an tSaighdiúra. Nora wa askari. Baba yangu alimtaja kila Novemba tukiwaombea wafu. Lakini huyo askari, jina lake hakuna aliyelijua."

Mama mkwe alifungua mkoba, akatoa lile bamba la shaba, akaliweka mezani mbele yake. Mzee hakuwa na miwani. Akapitisha kidole juu ya herufi, moja baada ya nyingine, akilisoma jina kwa sauti.