Asiyesali ndiye tunayemkabidhi fedha

Mchungaji wetu hapa Tandika alihubiri kwamba mtu asiyemwamini Mungu hana sababu ya kutoiba. Nampenda na kumheshimu, ila kwa hili siko naye.

Chama chetu cha kuzikana kina Waislamu na Wakristo. Mweka hazina ni seremala mstaafu ambaye haonekani msikitini wala kanisani, na ukimuuliza atakwambia wazi kwamba haamini. Kila uchaguzi tunamrudisha. Wacha Mungu tunao tele, na hakuna aliyewahi kusema tumbadilishe.

Nilimuuliza, "Mzee, wewe unaogopa nini?"

"Mwanangu, mtu akifiwa saa nane usiku anakuja kugonga kwangu, anataka hela ya sanda au ya jeneza, na ya gari. Nikiwa nimezila, nitamtazamaje?"

Hakutaja moto wala pepo. Alimtaja mfiwa.

Mabishano haya ni ya kale. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika jinsi mwalimu wake Socrates alivyombana kwa maswali Euthyphro, mtu aliyekuwa anamshtaki baba yake kwa mauaji huku akijiona mchaji kweli kweli: tendo la uchaji linapendwa na miungu kwa kuwa ni la uchaji, au linakuwa la uchaji kwa kuwa miungu imelipenda? Ukishika hilo la pili, basi siku amri ikigeuka, kumdhulumu yatima nako kutakuwa wema. Mimi hapo siendi. Ninapomsifu Mungu kwa wema wake, tayari nina kipimo cha wema moyoni, na naamini aliyekiweka ni yeye.

Na Paulo, katika Warumi 2, anasema watu wa mataifa, yaani wasio Wayahudi, wasio na torati hutenda yaliyomo ndani yake, maana imeandikwa mioyoni mwao. Kwa hiyo ukiniuliza kama maadili yangekuwepo pasipo Mungu, nitasema hapana. Pasipo kumwamini, yapo, na mweka hazina wetu anayo.

Kinachoniuma ni watoto wetu wa Jumapili, tunaowatisha kwa moto ili wasiibe. Woga ukiwatoka wakiwa wakubwa, watabaki na nini?

Mimi imani imenifaa kwingine. Ndugu zangu walipogombea nyumba ya marehemu baba, niliwasamehe kwa kupiga magoti. Kwa nguvu zangu nisingeweza.

Haya yote nimemwambia mchungaji. Amesema tutayajadili jumuiya ya wiki hii, na watoto wawepo.