Vitufe saba chini ya uso

Juma hili lote nimekuwa nikisoma habari za Wahimba, wafugaji wa kaskazini-magharibi mwa Namibia, na picha 36 walizopewa wazipange. Ni utafiti wa mwaka 2014 wa wanasaikolojia Maria Gendron, Lisa Feldman Barrett na wenzao. Picha zilikuwa za watu sita, kila mmoja na sura sita: ya furaha, ya huzuni, ya hasira, ya hofu, ya karaha na ya kawaida. Agizo lilikuwa jepesi: wanaohisi namna moja waweke fungu moja. Wamarekani waliopewa kazi hiyohiyo walitoa mafungu yaliyokaribia kulingana na sura hizo sita. Wahimba waliwakusanya wanaotabasamu, wakawakusanya waliotoa macho, wakawakusanya waliotulia. Hasira, huzuni na karaha zikaingiliana. Walipoulizwa kila fungu waliite nini, mara nyingi walitaja kitendo: hawa wanacheka, hawa wanatazama.

Nimelisoma jambo hili kwa uchu kwa sababu niliwahi kulipwa kusoma nyuso. Ilikuwa hapa Nairobi, kazi ya kuweka lebo kwenye picha ili kompyuta zijifunze kutambua hisia, kwa kampuni iliyopewa tenda na kampuni nyingine ya ng'ambo. Chini ya kila picha kulikuwa na vitufe saba, vyote kwa Kiingereza: furaha, huzuni, hasira, hofu, mshangao, karaha, na cha mwisho cha asiyeonyesha chochote. Picha inakuja, unabofya, inakuja nyingine. Macho yanawasha, chai inapoa.

Kuna mwanamke mmoja wa kwenye picha zile ambaye sura yake bado ninayo. Mtandio wa manjano umelegea, paji la uso halina kunjo hata moja, macho kayapeleka pembeni kana kwamba anaukwepa mlango, midomo kaivuta mbele kidogo tu. Kidole changu kilikuwa njiani kwenda kwenye hasira. Dada mmoja wa Malindi niliyekaa naye meza moja, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, akachungulia.

"Huyu hakukasirika, mdogo wangu. Huyu kanuna. Angoja abembelezwe."

"Sasa nibofye nini, dada?"

"Bofya hiyohiyo hasira. Ndiyo wenzio watakayobofya."

Alikwisha kuuelewa mfumo. Kila picha ilipitia mikononi mwa watu kadhaa, na jibu lililoshika lilikuwa la wengi. Wengi wape, kama wasemavyo. Aliyetofautiana nao mara kwa mara alishushwa alama, na alama zikishuka malipo nayo yanashuka. Haikuchukua muda tukawa tunasomana sisi kwa sisi, uso wenyewe ukabaki pambo tu kwenye skrini. Mwisho wa siku ripoti ilionyesha kwamba tunakubaliana sana, na sina shaka kule ng'ambo kuna mtu aliyefurahi.

Kukubaliana kwa namna hiyo kuna historia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanasaikolojia Paul Ekman na wenzake walikwenda nyanda za juu za Papua New Guinea, kwa watu wa Fore, ambao wengi wao hawakuwa wamezoea sinema wala magazeti ya Wazungu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1971 yakawa msingi wa ile imani kwamba nyuso zetu zinasema lugha moja dunia nzima. Lakini hebu tazama walivyouliza. Mtu anasimuliwa kisa kifupi, mathalani cha aliyefiwa na mtoto, kisha anawekewa picha tatu achague inayofaa. Maneno yametangulia, na njia zimebaki tatu tu. Hata hivyo, hofu na mshangao ziliwachanganya. Mimi siwadharau, ilikuwa kazi ngumu na ya kwanza ya aina yake. Ninachosema ni kwamba vitufe vyangu saba ni wajukuu wa zile picha tatu.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halikuhitaji safari. Kristen Lindquist na wenzake, mwaka 2006, waliwaambia watu walitamke neno la hisia, tuseme hasira, mara 30 mfululizo, mpaka maana ikawatoka likabaki sauti tupu. Halafu wakawaonyesha nyuso. Waliorudia mara 30 walipata tabu kuzitambua kuliko waliotamka mara 3. Macho yaleyale, uso uleule, neno tu ndilo limechoka. Nilimfanyisha mdogo wangu zoezi hilo jikoni, akafika katikati akaanza kucheka na hatukumaliza, kwa hiyo msiniulize.

Mwaka 2014 kundi hilohilo la watafiti lilieleza habari za wagonjwa watatu ambao maradhi ya ubongo yalikuwa yamewafuta maana za maneno. Walipopewa picha wazipange, walitenga walio katika hali njema, walio katika hali mbaya na waliotulia. Hasira, hofu na huzuni zilikaa fungu moja. Walimwona mtu hana raha. Wasichoweza ni kuikata ile shari vipande na kukipa kila kipande nafasi yake.

Tanzania nako watafiti walifika, kwa Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, na matokeo yakatoka mwaka 2020. Kwa sehemu kubwa Wahadzabe walipatia pale sura mbili walizotakiwa kuchagua zilipotengana kwa raha na kukosa raha, au kwa utulivu na msisimko. Kwenye visiwa vya Trobriand, hukohuko Papua New Guinea, Carlos Crivelli na wenzake walionyesha watu uso wa macho yaliyotoka na mdomo uliobaki wazi, ambao vitabu huuita hofu. Wengi wakasema huyu anatisha, anataka ugomvi.

Kuna wanaovuka mpaka na kudai kwamba asiye na neno haoni kitu. Hilo nalikataa. Mwaka 2011 Disa Sauter na wenzake walifanya kazi na wasemaji wa Kimaya cha Yucatán, huko Meksiko, ambao lugha yao haina maneno ya kutenganisha hasira na karaha, na bado macho yao yalizibagua nyuso hizo sawa na ya Wajerumani. Kwa hiyo jicho linaona. Ninavyofikiri mimi, lugha inaingia baadaye kidogo, pale unapotakiwa uamue huyu ni wa fungu gani na umfanyie nini. Aliyenuna unambembeleza. Aliyekasirika unampisha. Yule dada wa Malindi alikuwa anajua cha kumfanyia mwanamke wa mtandio wa manjano, mimi nilijua kitufe chake tu.

Na pia, tukisema kweli, sisi tulioambiwa uso umeumbwa na haya hatumwagi kila kitu usoni. Katika mapitio makubwa ya tafiti, Barrett na wenzake mwaka 2019 waliandika kwamba watu wenye hasira hukunja uso takriban asilimia 30 tu ya nyakati. Nyakati nyingine wanalia, wanatabasamu, wanakaa kimya wakipanga mambo yao. Kwenye msiba wa babu nilimwona mjomba mmoja akihudumia wageni kwa uso mkavu kama wa karani wa benki. Ungempa kitufe kipi?

Mwaka 2022 Microsoft walitangaza kuondoa huduma yao ya kukisia hisia kutoka usoni, na tangu Februari 2025 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku mifumo hiyo kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Sijui picha nilizozibofya ziko wapi sasa hivi, zinamfundisha nani.

Idi ikifika nitawapelekea shangazi zangu Mombasa rundo la picha za harusi za zamani, bila jina wala swali la kuwaongoza, nione watatoa mafungu mangapi. Shangazi mkubwa nimemdokezea kwa simu. Ameuliza kama fungu la wanafiki linaruhusiwa, maana anao wa kulijaza. Nimemwambia ruhusa.