Bibi hakusema "patamu"
Marehemu bibi yangu, kule Wete, Pemba, alitusimulia hadithi huku tukichambua karafuu, vidole vimekolea weusi, makonyo yamejaa mapajani. Katikati husita: "Hapa nimetia chumvi, lakini niacheni, ndipo patamu."

Nilimkumbuka juzi nikimsoma Giedra Radvilavičiūtė wa Lithuania, aliyepata Tuzo ya Fasihi ya Umoja wa Ulaya mwaka 2012. Insha zake unaziona kama maisha yake mwenyewe, mara msimulizi anageuka kuihoji insha hiyo hiyo anayoiandika. Kweli na uzushi vimeshonwa, mshono huuoni. Wahakiki wanaiita metafiksheni, yaani hadithi inayojisema yenyewe kuwa ni hadithi. Jina zito, utadhani ugonjwa!

Na mimi nikiri: bibi hakusema "patamu". Alisema neno jengine, lakini humu wanapita watoto.